Kilo Haitoshi: Chuma Chakavu cha Kigoma na Nondo Tunazojengea

Mjini Kigoma chuma kina bei moja ukikiuza na bei nyingi ukikinunua. Mpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu springi ya lori, bloku ya injini, bati lililooza, jembe lililokatika na vipande vya nondo vilivyobaki saiti. Vyote vitapanda mzani mmoja na utalipwa kwa kilo: bei moja, au mbili ukibahatika, ya chuma kizito na ya chepesi. Siku ukianza kujenga, duka la vifaa pale Mwanga litakuuzia chuma kilichokwisha kusafiri, kuyeyushwa na kurudi. Nondo ya milimita 12 ina bei yake, ya 16 ina yake, na engo, paipu na waya wa kufungia kila kimoja kina chake. Ninachokiamini nakisema mapema: kama chuma kilichorejelezwa ni endelevu au la, jambo hilo haliamuliwi na tanuri. Linaamuliwa kwenye ule mzani wa kwanza, na kwa sasa hapo ndipo tunaposhindwa.

Faida ya kurejeleza chuma haina ubishi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Tani moja ya chuma kinachotengenezwa kutokana na mawe ya madini, kwa tanuri la makaa, huacha angani zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi. Tani moja inayotokana na vyuma chakavu vilivyoyeyushwa kwa umeme huacha chini ya tani moja, na umeme ukiwa wa maji hupungua zaidi. Wazalishaji wa chuma duniani wenyewe hukadiria kwamba kila tani ya chakavu inayoingia tanurini huokoa takribani tani 1.4 za mawe ya madini, kilo 740 za makaa na kilo 120 za mawe ya chokaa. Dunia huzalisha karibu tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, na sekta hiyo peke yake hutoa takribani asilimia 7 ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda. Mwenye nia ya kupunguza joto la dunia hawezi kuikwepa.

Watu wa huku magharibi huwa na swali la haki: je, umbali hauli faida hiyo yote? Vyuma vyetu vinakwenda Mwanza, Dar es Salaam au Pwani, vinayeyushwa, kisha nondo zinapanda tena hadi Kigoma. Tupige hesabu. Lori la mzigo mzito hutoa takribani gramu 60 hadi 100 za kaboni dioksidi kwa kila tani kwa kila kilomita. Kwa safari ya kilomita 1,300, hiyo ni kama kilo 80 hadi 130 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi. Ukilinganisha na tani moja na nusu hivi inayookolewa, umbali unakula sehemu ndogo. Umbali unauma mfukoni kuliko angani. Nauli ndiyo inayomfanya mnunuzi wa hapa ashushe bei ya kilo mpaka kijana anayezunguka na mkokoteni kutwa nzima arudi nyumbani na kidogo sana. Na treni ipo. Mzigo mwingi wa reli ya kati unapanda kuja Kigoma kwenda Burundi na Kongo, na mabehewa mengi hushuka bila mzigo wa maana. Chakavu kingepaswa kuwa mzigo wa kurudi, maana hakiozi, hakina haraka na hakiogopi mvua.

Umeme nao umebadilika. Mpaka mwaka 2022 Kigoma iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na mtu aliyetaka kuyeyusha chuma hapa kwa umeme ule angekuwa anayeyusha mafuta. Tangu mkoa uunganishwe na gridi ya taifa, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 likiwa limekamilika, hoja ya tanuri dogo huku magharibi si ndoto tena. Tani moja ya chuma huhitaji kama yuniti 500 hadi 600 za umeme. Tanuri la tani 20 kwa siku lingekula yuniti zisizozidi 12,000, yaani wastani wa nusu megawati kwa saa 24. Halitatuzimia taa. Lakini mimi simo miongoni mwa wanaotaka tanuri lije kesho, kwa sababu tanuri huyeyusha linachopewa, na tunachokusanya sisi hatukijui.

Niliona kwa macho tofauti ya kukijua na kutokukijua kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea, Ujiji. Alikuwa na rundo la vyuma alivyonunua kwa kilo, anatafuta vipande vya kutengenezea geti. Kila kipande alichokitilia shaka alikigusisha kwenye jiwe la grinda kwa sekunde moja tu, akatazama cheche. Kipande cha nondo kilitoa mistari mirefu iliyonyooka, yenye vichomozo vichache mwishoni. Kipande cha springi kilitoa cheche zilizopasuka na kutawanyika mpaka karibu na jiwe lenyewe. Kipande cha ngoma ya breki kilitoa cheche fupi, nyekundu, zilizokufa kabla hazijafika mbali. Alikuwa anaitenga springi pembeni nikamuuliza kwa nini, na hakuniangalia hata usoni. "Hii si ya kuchomelea, kaka. Ukiiunga kama nondo, ikipoa inapasuka. Hii mpelekee mhunzi."

Alichokuwa anakisoma ni kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, springi ina zaidi, na chuma cha kusubu, kile cha bloku za injini na ngoma za breki, kina kaboni inayozidi asilimia 3 na mara nyingi fosforasi na salfa juu yake. Kwa fundi yule hizo ni bidhaa tatu tofauti. Kwenye mzani wa chakavu ni kilo tu.

Hili lina uzito kwa sababu ya aina ya matanuri tuliyonayo. Kwa kawaida viwanda vya Afrika Mashariki vinavyogeuza chakavu kuwa nondo hutumia tanuri la induksheni. Umeme hupita kwenye koili ya shaba iliyozunguka chungu, na chuma kilichomo ndani hupata moto chenyewe hadi kuyeyuka. Ni tanuri la bei nafuu, linafaa kiwanda kidogo na halina moshi mwingi. Udhaifu wake ni kwamba huyeyusha bila kusafisha. Tanuri la arki, linaloyeyusha kwa cheche kubwa za umeme na ambalo viwanda vikubwa hutumia, hupuliziwa oksijeni na kutiwa chokaa ili kuiondoa sehemu ya fosforasi. La induksheni karibu halina uwezo huo: kilichoingia ndicho kinachotoka. Kwa hiyo nondo nzuri inaweza kutoka kwenye tanuri la induksheni, na viwanda makini vinaitoa, ila kwa sharti moja, kwamba chakavu kichambuliwe kabla na chuma kilichoyeyuka kipimwe kwa mashine kabla hakijamiminwa. China ilipoona sharti hilo halitimizwi iliamua kwa nguvu. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2017 ilifunga viwanda vya induksheni vilivyokuwa vikitoa nondo duni za chakavu, vyenye uwezo wa zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka. Matanuri hayo hayakuwa mabaya kwa asili. Hakuna aliyekuwa anajua ndani ya nondo mna nini.

Fosforasi ikizidi hukifanya chuma kiwe kikavu. Kinakuwa kigumu, pengine hata kinapita kwenye kipimo cha kuvutwa, lakini kikilazimika kupinda ghafla hukatika. Kwa mtu wa Kigoma hilo si jambo la maabara. Tumejenga kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika na kuua watu upande wa Kongo. Nyumba inapotikiswa, nondo inatakiwa ijivute na kupinda bila kukatika ili ghorofa liegemee upande na watu watoke, badala ya kushuka lote kwa mara moja. Nondo kavu haitoi nafasi hiyo. Tunapozungumzia uendelevu wa majengo ya Kigoma bila kutaja sifa hii moja, tunazungumzia hewa ya ukaa na kuwasahau watu waliomo ndani.

Shaba ndiyo uchafu unaozisumbua nchi tajiri. Huko gari zima huingizwa kwenye mashine ya kusaga, na nyaya na mota zake husagika pamoja na bodi. Shaba ikishayeyuka ndani ya chuma hakuna njia ya kawaida ya kiwandani ya kuitoa. Ni kama chumvi ya Uvinza iliyozidi kwenye mchuzi wa migebuka: unaweza kuongeza maji, huwezi kuichota chumvi. Ndiyo maana viwanda vya huko hupunguza makali kwa kuongeza chuma kipya, na chakavu chao kingi huishia kwenye nondo, ambazo huvumilia shaba zaidi kuliko bati la gari. Hapa kwetu hali ni nyingine, na tuna haki ya kujivunia. Kijana wa chakavu hawezi kuacha shaba ndani ya mota, maana kilo ya shaba inamlipa mara nyingi zaidi ya kilo ya chuma. Ataivunja mota kwa nyundo, waya mmoja mmoja, mpaka iishe. Mikono hiyo inafanya kazi ambayo mashine za Ulaya haziwezi. Tatizo ni kwamba baadhi yao huchoma nyaya kwa moto wa wazi ili plastiki iungue, na moshi wake ni sumu wanayoivuta wao na watoto wa mtaa mzima.

Mfano huo wa shaba una funzo ninalotaka wanunuzi wa chakavu walisikie. Vijana hawa huchambua kwa umakini mkubwa pale ambapo bei inawaambia wachambue. Hawakufundishwa na mradi wowote. Ikiwa chuma cha kusubu kingekuwa na bei yake, springi bei yake, vipande safi vya nondo na engo bei yake, na bati lenye rangi na zinki bei yake ya chini, rundo lingefika kwa mnunuzi likiwa limekwisha kupangwa. Jiwe la grinda linatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Najua jibu la wenye mizani: kiwanda kinatulipa bei moja, kwa nini sisi tulipe nne? Ni jibu la kweli, na ndiyo maana lawama nzito naielekeza juu zaidi. Kiwanda kinacholipa bei moja kwa lori zima kinanunua bahati nasibu, kisha kinatuuzia sisi matokeo yake.

Upande wa mjenzi napo mzani unahitajika, safari hii kwa kazi njema. Wengi wetu tunanunua nondo kwa jicho na kwa neno la muuzaji. Kuna hesabu ambayo kila fundi wa nondo anapaswa kuwa nayo kichwani: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, jibu ni kilo kwa kila mita. Nondo ya 12 inatoa kilo 0.89 kwa mita, na kipande kizima cha mita 12 kinapaswa kuwa na kilo 10.7 hivi. Kiwango huruhusu pungufu la asilimia chache tu. Nondo iliyoandikwa 12 lakini kwa kweli ni 11 itakuwa na kilo 9 kasoro kidogo. Milimita moja tu isiyoonekana kwa macho imeondoa karibu asilimia 16 ya chuma ulichokilipia, na ya nguvu ambayo mhandisi aliihesabu. Mnunuzi wa chakavu aliye jirani na saiti ana mzani mkubwa. Mwombe upime nondo tano kabla lori halijashusha zote. Kisha kata kipande, kikunje kwenye meza ya kukunjia mpaka kizunguke, utazame upande wa nje wa kona. Ukiona nyufa, zirudishe. Majaribio hayo hayachukui nafasi ya maabara ya TBS, shirika letu la viwango, lakini yanafanyika Kasulu na Kibondo siku yoyote.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila chuma kilichotumika lazima kiyeyushwe. Hapo ndipo bei ya kilo inapotudhuru kimya kimya kuliko kwingine kote. Tani moja ya chuma kinachotumika tena kama kilivyo haihitaji hata yuniti moja ya tanuri. Mji huu una ushahidi unaoelea. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikafungwa katika masanduku 5,000 na kuletwa kwa meli na reli mpaka Kigoma kuungwa upya. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi Julai 1916 wakiwa wamezipaka injini grisi, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Ilibadilishiwa mitambo ya mvuke ikawekewa ya dizeli, ikatiwa viraka, ikaendelea kubeba watu na mizigo yao kando ya ziwa kwa vizazi. Angekuwapo wakati ule mtu wa kuithamini kwa kilo, ingekuwa imekatwa zamani.

Wahunzi wetu wanaelewa jambo hili kwa vitendo. Katika karne ya 19 majembe ya chuma yaliyofuliwa magharibi mwa nchi hii yalipita masoko ya Unyanyembe, Tabora ya leo, yakitumika hata kulipia mahari, na jembe lililochakaa halikutupwa, lilirudi kwenye moto likawa kisu. Leo springi ya lori inakuwa panga au shoka, ringi inakuwa jiko, pipa linakuwa tanuri la mikate, na makopo ya mafuta ya kula yanayotoka kwenye kambi za wakimbizi yanakuwa koroboi na mabakuli. Kila kitu hapo kimeongezewa thamani bila kupita tanuri la kiwanda. Lakini mhunzi anayetaka springi anashindana na mnunuzi anayepakia lori, na lori huondoka na springi zote pamoja na mabati. Nimeona paipu nzima, zilizonyooka, zikikatwa kwa gesi ili tu zienee kwenye behewa. Ule ni uharibifu, hata kama risiti inasema urejelezaji.

Mzani usiouliza una kosa jingine la wazi kabisa. Reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, sehemu nyingi, na taruma lililong'olewa usiku lina bei ile ile kwa kilo kama jembe la bibi. Boliti za reli, mifuniko ya mitaro, vibao vya barabarani na vyuma vya nguzo za umeme vina njia hiyo hiyo. Kenya ilichoka Januari 2022, baada ya kuhujumiwa kwa miundombinu ya umeme, ikapiga marufuku biashara nzima ya chakavu, kisha miezi michache baadaye ikaifungua kwa masharti. Marufuku haikufaa na haitafaa, kwa sababu inawanyang'anya mkate maelfu wasio na hatia na kuwaachia uwanja wenye magari ya usiku. Kwetu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake tayari zinawataka wafanyabiashara wa chakavu wawe na vibali vya mazingira. Kibali kinasema nani ananunua. Hakisemi alinunua nini. Daftari la aina nne au tano za chuma, lenye jina la aliyeleta, lingemkamata mwenye taruma kabla polisi hawajaamka, maana taruma halifanani na kitu kingine chochote duniani.

Na bado, hata tukikusanya kila kipande kuanzia Kakonko mpaka Kalya, hakitatosha. Chakavu cha leo ni chuma kilichonunuliwa miaka 15 iliyopita kikiwa gari, au miaka 50 iliyopita kikiwa jengo, na wakati huo tulinunua kidogo. Mtu mmoja duniani hutumia kwa wastani kama kilo 220 za chuma kwa mwaka, na wastani wa Afrika haufiki hata kilo 40. Nchi inayojenga shule, madaraja na reli haiwezi kujilisha kwa mabaki ya umaskini wake. Chuma kipya tutakihitaji, kiwe cha Liganga, mkoani Njombe, siku kitakapoanza kuchimbwa kwa kishindo au cha kuagiza. Wanaotutaka Waafrika tujenge kwa chakavu peke yake, huku nchi zao zikiwa zimekwisha kujaza chuma miji yao kwa miaka 150, hawatutendei haki. Lakini uhaba huo ndio unaofanya kila kilo yetu iwe na thamani ya kuchambuliwa.

Nafasi ya kuanza ipo mbele yetu. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Kazi ya namna hiyo huacha nyuma vipande vya nondo, mbao za chuma za kumiminia zege, makontena, mapipa, mitambo iliyokufa na nyaya. Huko Sojo, mkoani Tabora, karakana ya kupaka mabomba ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga nayo ina mabaki ya aina yake. Kwa kawaida mabaki haya huuzwa kwa tajiri mmoja, kwa mkupuo, kwa kilo, na hupita mbele ya milango ya chuo cha ufundi cha VETA Kigoma na karakana za Uvinza bila kusimama. Madiwani na wabunge wa mikoa hii miwili wana haki ya kudai jambo dogo liandikwe sasa, kabla kambi hazijavunjwa: mabaki yatengwe kwa aina, yanayofaa kutumika kama yalivyo yauzwe kwanza kwa mafundi na vyuo vya hapa kwa mafungu madogo wanayoyamudu, na yanayobaki yapande treni yakiwa na cheti kinachosema ni chuma cha namna gani. Chuma cha mradi mkubwa kina nyaraka zake tangu siku kilipotoka kiwandani. Hakuna chakavu kingine Tanzania kinachojulikana vizuri kiasi hicho, na kikishachanganywa na bati na bloku za injini kwenye lori moja, nyaraka hizo hazitamsaidia mtu yeyote.